Gari limeshuka na matairi ya barafu, spea hakuna: nichukue spea gani?

Mama_Changamwe

Assalaam aleikum na habari zenu nyote.

Gari nimelipata, alhamdulillahi. Ni Toyota Fielder haibridi ya 2018, limetoka bandarini likiwa limevaa matairi manne ya barafu, yale yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Hayo nimeshayavua na kufunga mapya ya kawaida, 175/65R15, kwa hivyo hilo halina shida. Shida ni spea. Nilipofunua zulia la buti nilikuta sponji iliyochongwa mashimo, na ndani yake kichupa cha gundi na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Spea hakuna, wala gari halikutengenezwa nayo.

Kuna kijana wa yadi aniuzia tairi na rimu yake ya chuma, meno yote yamo. Ni la barafu pia. Ataka elfu saba, na asema spea ni spea tu, itakaa ndani ya buti miaka na miaka. Tairi la kawaida la mtumba lenye rimu ya chuma analo pia, bei ileile, ila meno yake yamefika nusu.

Disemba tuna safari ya Wundanyi: mimi, mama yangu, watoto watatu, na mizigo juu yake. Sitaki kukwama Mackinnon Road au Maungu usiku na watoto ndani ya gari. Wenye ujuzi nielezeni vizuri. Nichukue hili la barafu lenye meno mazima, au la kawaida lenye nusu?

Fundi_Matairi_Kisauni

Waaleikum salaam mama, na hongera ya gari.

Usitoe pesa bado. Rudi kwa huyo kijana, uyatazame matairi yote mawili ubavuni na upige picha uzilete hapa. Kwanza nataka saizi nzima, pamoja na namba na herufi inayofuata nyuma yake. Fielder yako ni 175/65R15 84S. Ile 84 ni uzito, maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 500. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa. Ya barafu ya Kijapani mengi huwa na Q, yaani 160, na hiyo haikudhuru kwa sababu barabara kuu sheria yetu ni 110. Namba ya uzito ndiyo usiyoiachia. Wengi hapa hutazama saizi tu, wakafungiwa 82, ambayo ni kilo 475, na gari limejaa watu na magunia ya viazi kutoka milimani. Likipasuka walaumu barabara.

Halafu tarehe. Tafuta neno DOT au msururu wa herufi na namba. Mwisho wake kuna tarakimu nne. Ikiwa ni 3817, tairi limetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2017. Tarehe mara nyingi iko upande mmoja tu, kwa hivyo usipoiona mwambie aligeuze. Akikataa kugeuza, ondoka.

La mwisho ni mpira wenyewe, na hapa usidanganywe na ile dawa nyeusi wanayopaka ing'are. Bonyeza jino kwa ukucha. La barafu likiwa zima, ukucha huzama na ile alama hurudi polepole. Ukibonyeza ukaona ukucha unateleza, tairi hilo limekauka. Kisha lisukume jino kando kwa kidole gumba, utazame chini kabisa ya mfereji. Nyufa huanzia pale chini, na pale dawa ya kung'arisha haifiki. Ukiona nyufa nyembamba zinafuata mfereji, liache hata akupe bure.

Na mtu asishangae kwa nini rimu za chuma zenye tairi la barafu ni nyingi sana Mombasa. Kule kaskazini ya Japani mwenye gari huwa na seti mbili. Ya barafu huifunga kwenye rimu za chuma za bei nafuu, ili msimu ukigeuka abadilishe magurudumu mazima bila kung'oa tairi. Gari likiuzwa wakati wa baridi huja na ile seti, na ikishuka hapa ndiyo tunauziana kama spea.

Probox_Mazeras

Fundi, kwa heshima yote, naona mnamtisha mama bure.

Mimi nimetembelea matairi ya barafu njia ya Kaloleni wakati wa mvua, ule udongo mwekundu ukilowa, na yanashika kuliko haya ya kawaida. Magari mangapi ya kawaida nimeyapita yamekaa mtaroni? Meno mazima ni meno mazima. Lenye nusu likikutana na maji ya masika yaliyotuama pale Miritini litaelea. Na isitoshe ni spea, hatembelei kila siku. Likitoboka moja anafunga hilo, anafika kwa fundi wa pancha, analivua, basi.

Mpwani_Göteborg

Salamu kutoka Göteborg. Mimi ni wa Majengo, ila kazi imenileta Uswidi na haya matairi ya barafu ndiyo maisha yangu nusu ya mwaka. Nimeona niseme, kwa sababu hapa yanatumika pale yalipokusudiwa.

Sheria ya huku ni hivi: kuanzia tarehe 1 Disemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji, barafu au maji yaliyoganda, gari lazima liwe na matairi ya baridi, na meno yasipungue milimita 3. La kiangazi huruhusiwa mpaka milimita 1.6. Mwaone tofauti hiyo. Tairi la baridi likishuka chini ya milimita 3 kwao limekwisha kazi, ingawa kwa macho yetu sisi bado lina meno. Ya Kijapani nayo yana alama yake. Katikati ya mifereji kuna vinundu, na jino likichakaa nusu vinundu hivyo hulingana nalo. Toka hapo tairi halihesabiwi tena kuwa la barafu.

Sasa kwa nini mpira ule ni laini? Mpira wa tairi la kawaida, joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, huanza kukakamaa na kupoteza mshiko. La baridi limechanganywa liendelee kunyumbuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Juu ya hapo kila jino limekatwakatwa mikato myembamba sana ya kuuma barafu. Japani wao waliingia kwa nguvu kwenye haya yasiyo na misumari kwa sababu ya vumbi. Zamani walitumia matairi ya misumari, misumari ikasaga lami, na miji kama Sapporo na Sendai ikajaa vumbi mpaka watu wakaugua. Mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuyazuia. Blizzak ya Bridgestone ilikuwa imeshatoka 1988, na mpira wake una vitundu vidogo vya kunyonya ule utando wa maji ulio juu ya barafu. Hilo neno STUDLESS maana yake ni hilo tu, halina misumari.

Uchukue mpira uliotengenezwa kwa nyuzi 10 chini ya sifuri, uuweke juu ya lami ya Jomvu saa nane mchana. Hewa ni nyuzi 32, lami yenyewe ina moto kupita hewa kwa mbali. Jino lile lenye mikato halisimami wima, linalala kila unapokanyaga breki. Kujipindapinda kule kunazidisha joto ndani ya tairi, na mpira unalika upesi. Ukibeba uzito na kukimbia mwendo mrefu, vipande vya meno huanza kung'oka. Hata Julai, mwezi wenu wa baridi kabisa, Mombasa hucheza kwenye nyuzi 20 usiku. Hakuna siku hata moja katika mwaka ambayo tairi hilo liko nyumbani.

Probox, kaka, kwenye matope nakuunga mkono. Meno makubwa yaliyoachana huchimba tope. Lakini safari ya mama ni lami mpaka Wundanyi, na lami iliyolowa kwenye joto ni jambo jengine kabisa. Pale la barafu huchelewa kusimama. La kawaida jipya lina kama milimita 8 za meno, kwa hivyo nusu ni 4. Milimita 4 za mpira wa kawaida, kwenye mvua ya nyuzi 25, mimi nazichagua mbele ya milimita 9 za mpira wa barafu, na watoto wangu ningewapakia humo.

Bibi_wa_Tudor

Nimesoma na nimeshituka. RAV4 yangu ina alama ya M+S ubavuni, na M+S nilielezwa ni matope na theluji. Je, na mimi nimo kwenye hatari hii? Nayo nimeyanunua mapya dukani, si mtumba.

Fundi_Matairi_Kisauni

Hapana mama, tulia. M+S ni alama ambayo mtengenezaji hujiwekea mwenyewe kwa sababu ya mchoro wa meno, na matairi mengi ya magari ya juu huwa nayo ingawa mpira wake ni wa kawaida kabisa. Alama ya kutazama ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo hupatikana baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji. Ukiikuta hiyo, au neno STUDLESS, au mikato myembamba imejaa juu ya kila jino, hapo ndipo useme ni la barafu. Majina pia husaidia ukishayazoea: Blizzak, iceGuard, Winter Maxx, X-Ice.

Kuna ya misimu yote ambayo yana ule mlima na bado mpira wake si laini sana. Hayo ni mazungumzo mengine. Ya Japani yenye STUDLESS ndiyo ninayoyasema.

Mpwani_Göteborg

Hapo fundi umesema kweli. Hata Ujerumani, ambako M+S peke yake ilikubalika miaka mingi, tangu Oktoba 2024 haikubaliki tena kuwa tairi la baridi. Lazima ule mlima uwepo.

Mama_Changamwe

Nimerudi yadi leo baada ya kazi. Nilivyoona ni hivi.

La barafu ni 185/65R15 88Q, tarehe 4716. Nililibonyeza kwa ukucha likawa gumu, halikubonyea. Meno kweli yamo yote. Chini ya mfereji niliona nyufa upande mmoja, na huyo kijana akaniambia ni vumbi tu, nikapangusa kwa kitambaa zikabaki palepale.

La kawaida ni 175/65R15 84S, tarehe 2219. Nilipima kwa rula ya mtoto, meno ni milimita 4 na ushee. Ubavuni hakuna kidonda, ndani sikuweza kuona kwa sababu liko kwenye rimu. Rimu zote mbili zina matundu manne.

Naona jibu linakuja lenyewe, lakini nataka kuelewa ile saizi. 185/65 na 175/65 si ni rimu ileile ya 15? Na 88 si inabeba zaidi ya 84?

Kusi_na_Kaskazi

Mama umefanya kazi nzuri sana, wanaume wengi hawapimi hivyo. Nikueleze ya saizi.

Kweli 88 inabeba zaidi, kilo 560. Kwa uzito peke yake lingefaulu. Rimu pia ni ileile. Kinachobadilika ni urefu wa tairi lote likisimama. Hesabu yake si ngumu. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Ubavu wa 175/65 ni asilimia 65 ya 175, yaani milimita 113.75, na ziko mbavu mbili, juu na chini. Jumla yake ni kama milimita 608. La 185/65 kwa hesabu hiyohiyo ni 621. Tofauti ni milimita 13, asilimia mbili na kidogo.

Kwa macho huioni, gari linaiona. Magurudumu mawili ya mbele ndiyo yanayovuta Fielder yako, na kati yao kuna difu, ile gia inayoyaruhusu kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukifunga moja refu na moja fupi mbele, difu inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka, na gari huvuta upande. ABS nayo, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, husoma kwamba gurudumu moja linazunguka polepole kuliko wenzake, unaweza kuona taa imewaka kwenye dashibodi. Kwa mwendo wa kutoka Changamwe kwenda Magongo kwa fundi si neno. Kwa mwendo wa Voi sikushauri.

Kama ungepata 185/60R15, hiyo ni milimita 603, tofauti ni 5 tu, na Fielder nyingine zilitoka kiwandani nayo. Hiyo ningekubali, mradi uzito wake ni 84 au zaidi.

Na wenye Subaru mnaosoma hapa kimyakimya, nyinyi jambo hili liwakae zaidi kuliko mama. Gari linalovuta magurudumu manne wakati wote halitaki tofauti kati ya tairi na tairi hata kwa kuchakaa, seuze saizi. Spea yenu iwe saizi ileile, na ikiwezekana meno yalingane na wenzake.

Probox_Mazeras

Nimesoma hesabu zote na sibishi tena kuhusu hilo la 4716, tairi lenye nyufa hata mimi silitaki. Lakini nauliza kwa faida ya wengine. Mtu ana la barafu ambalo si zee, saizi ni ileile, uzito unatosha, na pesa ya kununua jengine hana mwezi huu. Atembee bila spea?

Fundi_Matairi_Kisauni

Hapana. Huyo aliweke ndani ya buti, na nitasema wazi: tairi la barafu zima lenye saizi sawa ni bora kuliko kutokuwa na spea. Alichukulie kuwa ni la kumfikisha kwa fundi wa pancha tu. Mwendo usizidi 80, asilifunge mbele, na mvua ikinyesha apunguze zaidi.

La mbele likitoboka, kazi ni mbili. Unatoa zima la nyuma unalileta mbele, kisha lile la barafu linakaa nyuma. Watu huona uvivu kupiga jeki mara mbili juani. Lakini mbele ndiko kuliko na usukani, mvuto, na sehemu kubwa ya breki. Ukiwa na mpira mgumu kulia na mpira laini kushoto, siku utakayokanyaga breki kwa nguvu kwenye lami iliyolowa, gari litageuka kabla hujajua.

Mpwani_Göteborg

Huku nako ushauri ni uleule kwa sababu nyengine. Mwenye spea nyembamba akitoboka mbele kwenye theluji, vitabu vya gari humwambia aifunge nyuma na alete la nyuma mbele, ili magurudumu ya kuvuta yabaki na matairi kamili na minyororo ya theluji iweze kufungwa.

Bibi_wa_Tudor

Umetaja spea nyembamba. Mume wangu ana Premio, spea yake ni ile ya rangi ya manjano, nyembamba, imeandikwa T mwanzo. Tangu tuinunue hatujaitazama. Hiyo vipi?

Kusi_na_Kaskazi

Hiyo ni spea ya muda, na kwa kazi yake ni nzuri. Matatizo yake hapa Pwani ni mawili. La kwanza ni upepo. Ubavuni imeandikwa psi 60, au kilopaskali 420. Si 32 kama matairi mengine. Ni karibu mara mbili, kwa sababu ni nyembamba na inategemea upepo kubeba gari. Fundi wa pancha asiyesoma ataijaza 35 na kukuambia tayari. Na kwa kuwa hakuna anayeitazama, nyingi zimelala na upepo kidogo tu. Siku ya kuihitaji inakaa chapati.

La pili ni mwendo. Kilomita 80 kwa saa, imeandikwa hapo hapo. Nimewaona watu wakienda nayo Malindi na kurudi.

Mwambie mzee aitoe kesho, aijaze, na atazame tarehe. Spea huzeeka hata isipotembea. Michelin na Continental wanasema tairi lolote lisipitishe miaka kumi tangu kutengenezwa, spea ikiwamo, na kitabu cha Toyota chasema likipita miaka sita likaguliwe na fundi hata kama halijatumika. Premio ya 2012 yenye spea yake ya kuzaliwa imeshapita hapo.

Mama_Changamwe

Na kile kichupa cha gundi je? Kijana wa yadi alisema nikitupe.

Fundi_Matairi_Kisauni

Usikitupe, ila usikitegemee. Gundi huziba tundu dogo la msumari katikati ya tairi, kama milimita 4 hivi. Ubavu ukichanika haifanyi kitu, na barabara zetu huua tairi ubavuni: kona ya shimo, jiwe la kando, chuma kilichodondoka kwenye trela. Pia kina tarehe ya mwisho, isome. Na ukikitumia, mwambie fundi wa pancha kabla hajang'oa tairi, kwa sababu ndani yote huwa maji ya gundi na lazima yaoshwe.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona mtu amelitaja na ndilo kubwa. Mama, gari lililotoka kiwandani na gundi badala ya spea, mara nyingi halina jeki wala spana ya magurudumu. Funua sponji yote, toa kila kitu utazame. Utanunua spea, utafika Mackinnon Road, utoboke, uwe na spea nzima na huna cha kuinulia gari. Nunua jeki ya mkasi inayobeba gari lako, spana inayoingia nati zako, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki kwenye mchanga. Ubao huo ndio watu husahau, na huku kwetu kando ya lami ni mchanga mtupu.

Kusi_na_Kaskazi

Fundi umenikumbusha rimu. Matundu manne hayatoshi kuwa ushahidi. Fielder ina boliti nne kwenye duara la milimita 100, na Honda Fit ni hivyohivyo, na Nissan Note ni hivyohivyo. Lakini lile tundu la katikati linatofautiana. La Fielder ni milimita 54.1, la Fit ni 56.1, la Note ni 60.1. Rimu ya Note itaingia kwenye Fielder yako vizuri kabisa na nati zitakaza, lakini haikai kwenye kitovu, inaning'inia kwenye nati tu, na gari litatetemeka ukifika 70. Ya Demio ni 54.1, hiyo hukaa. Muulize kijana ilitoka gari gani, na hata akijibu, mjaribishe.

Nati pia. Kama rimu zako za aloi si za kiwandani, nati zake huenda zisikae sawa kwenye rimu ya chuma. Tazama mdomo wa tundu la rimu na mdomo wa nati, vikae pamoja bila kucheza. Visipokaa, beba nati nne za chuma ndani ya kifuko pamoja na spea.

Jaribu lote lifanyike mjini. Funga spea nyuma kulia, zungusha usikie kama haigusi breki, endesha mpaka Nyali na kurudi, halafu ifunge mbele ufanye vilevile. Nati za Fielder hukazwa newton-mita 103, kwa mtindo wa msalaba, na baada ya mwendo kidogo zikaguliwe tena.

Dereva_wa_Hiace

Nimefuatilia tangu mwanzo. Naongeza moja kwa wenye Hiace na Hilux, ambao spea yao imening'inia chini kwa mnyororo. Chumvi ya bahari inakula ule mnyororo na ile skrubu ya kushushia. Nimekutana na mwenzangu Mariakani ana spea nzima chini ya gari na haishuki, akatafutiwa msumeno wa chuma. Ishusheni kila mara mnapofanya sevisi, pakeni grisi, ipandisheni. Wanaovuka feri ya Likoni kila siku na wanaoegesha karibu na ufuo wafanye zaidi. Rimu ya chuma nayo ikiota kutu pale tairi linapokalia, upepo huvuja polepole na hutajua mpaka siku ya haja.

Mama_Changamwe

Jamani Mungu awalipe.

Nilichofanya: nimechukua la kawaida, 2219, kwa elfu sita baada ya kuonyesha kwamba najua kusoma tarehe. Kabla ya kulipa nilimtaka aling'oe kwenye rimu nione ndani, na ndani ni safi, hakuna kiraka wala mkunjo. Rimu ilitoka kwenye Toyota Axio, ndugu yake Fielder. Tumeijaribu nyuma na mbele, haigusi, haitetemeki. Jeki kweli haikuwemo, Fundi ulijua! Nimenunua pamoja na spana na ubao. Upepo nimejaza kwa kibandiko cha kwenye mlango wa dereva na kuongeza kidogo, kwa kuwa itakaa.

Imebaki tatizo la nafasi. Spea nzima haikuzama yote ndani ya lile shimo la sponji, zulia limeinuka. Mizigo itabidi ipangwe upya.

Na yale manne ya barafu yaliyokuja na gari yamejaa barazani. Jirani ayataka kwa teksi yake. Nimpe?

Fundi_Matairi_Kisauni

Usimpe wa teksi. Huyo atayafunga manne, abebe abiria siku nzima juani, na mvua ya Aprili itamkuta nayo. Wape wenye mikokoteni pale Kongowea, wao wanataka tairi lenye mpira mzito na mwendo wao ni wa miguu. Au mkata makubadhi, ingawa mpira wa barafu huisha upesi na wengi wanaukataa.

Spea uifunge kwa mkanda. Kama imeinuka juu ya shimo na haikukazwa, breki ya ghafla itaileta mbele walipokaa watoto. Boliti ya kuikazia haipo kwenye gari lako, kwa hivyo tumia mkanda wa kukazia mizigo, uupitishe kwenye zile pete za sakafu ya buti, ndipo uweke mabegi juu. Na gundi, pampu, jeki na spana viweke kwenye kifuko kimoja upande wa mlango wa nyuma, usije ukashusha mizigo yote ya Wundanyi kando ya barabara ndipo uipate spana.

Mama_Changamwe

Nimeelewa. Mkanda nanunua kesho Mwembe Tayari. Jirani nitamweleza, na uzi huu nitamwonyesha.